Mstari Mwekundu Kwenye Jiwe

Februari 2019 nilivuka na kivuko cha Kamanga nikiwa na begi la nguo, godoro lililokunjwa, makopo saba ya rangi na vipande vya hadibodi nilivyovifunga kwa mpira wa baiskeli. Mama nilimwambia nakwenda kwa mjomba, Buchosa, kupumzika wiki mbili. Nikakaa miezi kumi na mitano.

Nilikuwa nimeshachora kwa miaka kumi na moja mjini Mwanza. Chumba changu kilikuwa Mabatini, juu kabisa, kule ambako nyumba zimebanana katikati ya mawe. Niliandika vibao vya saluni, namba za mawakala wa simu kwenye kuta za maduka, na majina ya mitumbwi kule Kirumba. Lakini kilichonilipia kodi ni picha za watalii: tembo, twiga, mbuyu, jua linazama. Ni mtindo alioanzisha Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kawaida za mafuta, tena juu ya vipande vya bodi. Alifariki 1972. Miaka minne ile imelisha familia nyingi za wachoraji hadi leo, na mimi ni mmoja wa waliokula mkate wake. Namheshimu sana. Ila yeye alichora vilivyotoka kichwani mwake, mimi nikachora vilivyotoka kichwani mwake yeye. Tembo wangu wote niliwatoa kwa tembo wa wenzangu. Tembo wa kweli sikuwahi kumwona.

Siku moja nilikuwa napeleka picha kwa mteja, nikapita kando ya ziwa. Kamba ya kiatu ikafunguka. Nikaegemeza picha kwenye jiwe ili niifunge, na nilipoinua kichwa nikaviona vyote viwili kwa pamoja: ziwa langu, na nyuma yake ziwa lenyewe. Langu lilikuwa bluu ya kopo, ile ile ninayopakia milango. Lenyewe halikuwa na bluu hata chembe. Nililiona ziwa hili kila asubuhi tangu nazaliwa, na sikuwa nalijua rangi yake. Nilisimama pale mpaka jua likawa kali, na ile picha sikuipeleka.

Mjomba ana kipande cha pori juu ya kilima, si mbali na shamba la miti la Buhindi. Hakukifyeka kwa sababu ya mizinga yake ya nyuki. Ndani yake kuna miti ya kwetu iliyobaki, mikwaju na migunga na mkuyu mmoja mkubwa, na chini ya mkuyu kulikuwa na msonge mdogo alioujenga kwa ajili ya kulinda asali. Fito, udongo, nyasi, mlango wa mabanzi. Ukitoka mlangoni unaliona ziwa lote chini yako. Mjomba aliniuliza mara moja tu: "Una uhakika, mama?" Nikamwambia nina uhakika. Akaniachia panga na debe la maji, akashuka.

Nilifanya kosa usiku wa tatu, na ningependa mwingine asilirudie. Nilikuwa nimefika kwa mjomba moja kwa moja, nikapanda porini, bila kupita kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kwa akili ya mjini niliona kwamba nipo kwenye ardhi ya ndugu yangu, simdai mtu, simsumbui mtu. Usiku ule nikawasha mshumaa, nikawa nazunguka nao kati ya miti nikitafuta brashi niliyoidondosha. Huko chini watu wakaona mwanga unatembea porini. Baada ya muda nikasikia filimbi, kisha nyingine ikajibu, kisha miguu. Walikuwa sungusungu, wanaume tisa au kumi, na rungu na tochi. Kijana mmoja alinimulika usoni, halafu akamulika ndani, akaona vichwa vya tembo vimesimama ukutani. Akarudi nyuma.

Sikuwahi kuogopa vile. Nao waliogopa, niliwaona. Mzee aliyekuwa mbele akasema kwa upole, "Binti, mtu hakai hivi." Nikamwamkia, "Shikamoo baba," na sauti ikakatika. Akaitikia marahaba, akakaa juu ya mzizi wa mkuyu, akanihoji mpaka kukaribia alfajiri: mimi ni nani, mama yangu ni nani, nimemkimbia mume, nimeiba, naumwa? Alipolijua jina la babu yangu mzaa mama alinyamaza kidogo, kisha akasema alicheza naye ngoma. Asubuhi nikaandikwa kwenye daftari la wageni. Kwenye safu ya shughuli mwenyekiti aliandika: kuchora. Akaongeza: peke yake.

Tangu siku ile niliachwa. Na neno hilo nilimaanishe sawasawa: waliniacha kwa makusudi, kwa kazi yao. Kila usiku wa doria filimbi ililia mara moja chini ya kilima, nami nikaitikia kwa kupiga debe mara moja, wakapita. Nilichokiita upweke wangu kilikuwa na wanaume kumi wanaokilinda.

Kazi niliianza na daftari, bila brashi. Mara tano kwa siku nilikaa juu ya jiwe moja kando ya maji nikaandika rangi ya ziwa kwa maneno. Alfajiri: bati jipya lenye umande. Saa tatu, karibu na matete: kisamvu kilichochemka. Ule ukijani ni wa mwani, unaoneemeka kwa mbolea na taka zinazoletwa na mito. Saa sita hakuna rangi, ni mwanga tu unaochoma macho. Saa kumi upepo ukivuma: magamba ya sato. Jioni shaba ya sufuria kuukuu, kwa muda mfupi sana, halafu zambarau, halafu weusi wenye taa za wavuvi wa dagaa, nyingi kiasi kwamba unaweza kudhani kuna mji ng'ambo. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazipo, maana dagaa hawavuliki vizuri kukiwa na mwanga wa mwezi. Baada ya mvua kubwa, pale kijito kinapoingia: chai ya maziwa. Katika miezi miwili ya kuandika hivyo, neno bluu lilitokea mara nne.

Kuna siku niliona moshi unapanda katikati ya ziwa, nguzo ndefu nyeusi, nikadhani mtumbwi unaungua. Walikuwa wadudu wa ziwani, wale wadogo wanaozaliwa majini na kupanda kwa mamilioni pamoja. Upepo ukawaleta kwetu, wakanasa kwenye rangi mbichi ya picha niliyokuwa naimalizia. Nilianza kuwatoa kwa sindano. Halafu nikaacha. Wamo hadi leo, na ni picha ya kwanza ya ziwa ambayo siionei haya.

Upweke wenyewe sitausifu kama wanavyousifu wanaousoma tu. Mwezi wa kwanza ni mtamu. Mwezi wa pili nilianza kujibu redio. Siafu waliniingilia usiku mmoja nikalala nje. Pesa ziliisha mapema, nikawa naishi kwa michembe ya shangazi (viazi vitamu vilivyokaushwa), dagaa, na ugali wa muhogo. Haya yote yanavumilika. Kisichovumilika ni kuona umechora kitu kizuri saa tano asubuhi na hakuna mtu wa kumwambia "hebu tazama".

Chini ya kilima, karibu na maji, palikuwa na nyumba ya Bibi. Simwiti kwa jina lake hapa, na yeye aliniita mjukuu wangu tangu mwanzo. Alikuwa na umri wa kama miaka sabini, mbuzi wawili, na macho mekundu. Wenyeji wa Usukumani wanajua nimesema nini. Ukipikia kuni maisha yako yote ndani ya nyumba isiyo na dirisha macho yatakuwa mekundu, hakuna siri yoyote, lakini kwenye mikoa yetu vikongwe wameuawa kwa sababu ya rangi hiyo. Watoto wake walikwenda kutafuta maisha machimboni Geita. Mmoja alifariki, wengine walinyamaza. Watu hawakupita mlangoni kwake usiku. Watoto walikatazwa kupokea chakula chake. Na mimi, miezi ya mwanzo, nilikuwa nazunguka njia ndefu ya juu ili nisipite kwake. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na bado inaniuma.

Mwezi wa tano wa kukaa kule nilianza kuumwa. Tumbo, damu chooni, kisha homa. Nilikuwa naoga ziwani kila jioni, kwenye matete, mahali penye konokono wengi, na mtu aliyekulia Mwanza hana kisingizio cha kutokujua kichocho. Siku ya pili ya homa sikuweza kusimama. Usiku filimbi ikalia, sikuitikia. Sungusungu wakadhani nimelala. Bibi, kule chini, alisikia filimbi bila debe, na hakudhani nimelala. Akapanda kilima gizani, na umri ule, akaniona nilivyo, akatoka nje ya msonge na kupiga mwano.

Asiyetoka kwetu huenda asijue uzito wake. Mwano ukipigwa watu lazima waje. Nao wakaja, wakamkuta kikongwe mwenye macho mekundu amesimama usiku wa manane kwenye mlango wa msichana anayekaribia kufa. Alijua watakachokiona. Aliniambia baadaye kwamba alilifikiria hilo akiwa anapanda, akakaa juu ya jiwe kupumzika, akalifikiria tena, akaendelea kupanda.

Kituo cha afya walinikuta na malaria pamoja na kichocho. Vidonge vya praziquantel unapewa kwa kipimo cha uzito wako, unameza, tumbo linavurugika, unapona. Nilirudi siku ya sita nikiwa na karatasi ya vipimo, nikaambiwa maneno yameshaanza: kwamba Bibi alinila nusu akaniacha. Nikamwomba mwenyekiti nafasi kwenye mkutano wa kitongoji. Nilisimama mbele ya watu, miguu ikitetemeka, nikaisoma karatasi ile mstari kwa mstari. Nikaeleza konokono, nikaeleza mbu, nikaeleza kwamba maji ya ziwa ukiyateka na kuyaacha yalale siku mbili, wadudu wa kichocho wanakufa. Mwenyekiti naye akasimama akasema Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, na anayemtuhumu mwenzake anaweza kufungwa. Sijui waliamini wangapi. Mama mmoja alikuja baada ya mkutano kuuliza habari za konokono.

Toka hapo sikuzunguka tena njia ya juu. "Mwangaluka," ananisalimu asubuhi, nami naitikia, napiga goti kidogo, tunakaa. Ni pale mlangoni kwake nilipoanza kuona tofauti ambayo Kiswahili kilikuwa kimeniwekea siku zote na sikuisikia. Mimi nilikuwa nimejitenga. Yeye alikuwa ametengwa. Kitenzi ni kile kile. Mimi nilikuwa na nauli ya kurudi nimeishona kwenye pindo la kitenge, na mama anayepiga simu kila Jumapili nikipanda juu ya jiwe lenye mtandao. Mjini ningerudi watu wangesema, "Huyu msanii alikaa porini," kwa sauti ya kunistahi. Yeye amekaa pale pale, kimya kile kile, akitazama maji yale yale, na hakuna aliyemwita chochote cha heshima.

Na alikuwa anajua rangi kuliko mimi.

Makopo yangu saba yaliisha mwezi wa nne, nikawa natengeneza rangi kwa kiini cha yai, kama nilivyowahi kusoma. Sisimizi walinila picha mbili kwa usiku mmoja. Nilimwonyesha Bibi bodi iliyobaki na michirizi, akaniongoza hadi nyuma ya nyumba yake. Ukuta wake alikuwa ameupaka mikanda mitatu, mwekundu, mweupe na mweusi, na mikanda ile haikuwa imechujuka kwa mvua. Nyekundu ni udongo wa kilimani. Nyeusi ni udongo wa mbugani. Nyeupe ni majivu. Kinachoshika ni kinyesi cha ng'ombe. Kwa bodi akaniambia nitumie gundi inayotoka kwenye mgunga: uiloweke kwenye maji ya moto, uichuje kwa kitambaa, uchanganye na udongo uliosagwa laini kabisa. Ilipasuka ikikauka. Nikaongeza tone la asali ya mjomba, haikupasuka tena. Ile asali ilikuwa yangu kuigundua, nilijivuna wiki nzima.

Nilijaribu pia majani, ili nipate kijani, na manjano ya jikoni. Vyote vilipendeza siku tatu na kufifia. Rangi ya jani inakufa kama jani, rangi ya udongo inabaki, ndiyo maana michoro ya kwenye miamba ya Kondoa bado inaonekana, na mingi ni nyekundu. Kijani cha ziwa ikabidi nikipate kwa kuweka nyeusi ya masizi juu ya udongo wa njano, nyepesi mno, tabaka juu ya tabaka. Kutoka mbali jicho linasema kijani. Inachukua siku nne kupata kipande cha upana wa kiganja. Mjini sikuwahi kukipa kipande chochote siku nne.

Bibi alikaa nami nikichora. Hakusifu. Alikuwa anasema tu, "Hapo maji hayakai hivyo," na mara nyingi alikuwa sahihi.

Septemba ile nilipiga mstari mwekundu kwenye jiwe langu, kwa mabaki ya rangi ya mafuta, sawasawa na maji, ili nijue ninapochora ziwa lilikuwa wapi. Oktoba mvua zikaanza mapema, na hazikuacha. Kufikia Krismasi mstari ulikuwa chini ya maji kwa urefu wa kiganja. Bibi alipouona alisema, "Yanarudi ya Uhuru." Alikuwa binti wa miaka kumi na miwili bendera ilipopandishwa, na anakumbuka kwamba mvua ya mwaka ule, 1961, ilinyesha mpaka watu wakasema Uhuru umekuja na maji yake. Ndani ya miaka mitatu ziwa likapanda zaidi ya mita mbili. Baba yake alihamisha nyumba mara mbili. Akanionyesha mkwaju ambao maji yalifika kwenye mizizi yake mwaka 1964. Nilitazama ule mkwaju, nikatazama nyumba yake. Nyumba ilikuwa chini ya mkwaju kwa hatua nyingi.

Haikunichukua muda kuamua, na sijidai wema wowote, maana msonge ulikuwa mdogo na nilinuna siku nyingi. Mjomba alisita. Shangazi alikataa kabisa, kisha akanyamaza, kisha akaleta mkeka wa pili. Februari 2020 Bibi alipanda kilima na mbuzi wake, na ukaaji wangu wa peke yangu ukaishia hapo. Tulikuwa wawili, mbuzi wawili, moshi, na makohozi ya alfajiri. Alisali kwa sauti. Alihamisha brashi zangu. Nami katika miezi mitatu ile nilichora picha tisa, na ukiniuliza leo zipi nitaziokoa nyumba ikiungua, ni hizo.

Wageni walikoma kuja Machi, kwa ajili ya korona, soko la picha likafa, na mama akaanza kuumwa. Mei nikashuka. Mwezi ule ule ziwa lilivuka kipimo chake cha mwaka 1964. Mkwaju ulikuwa umesimama majini, na ukuta wa nyuma wa nyumba ya Bibi, ule wenye mikanda, ulikuwa umeanguka. Mkanda mweupe tu ndio ulioonekana, juu ya maji. Yeye alibaki kwenye msonge. Mwenyekiti alimwandika upya kwenye daftari, na mjomba anamwachia kulinda mizinga, kwa hiyo ana kazi yenye jina. Sungusungu wanapita, filimbi inalia, debe linajibu.

Mimi nimerudi kwenye vibao vya saluni, na siku za Jumamosi nachora ziwa. Napata nauli, navuka Kamanga. Safari ya mwisho nilimpelekea dirisha, fremu na kioo, ili moshi utoke. Alilishikashika, akasema "wabeja," yaani asante, akaniuliza tena mstari wangu uko wapi. Tukashuka wote wawili polepole mpaka ukingoni. Jiwe halikuonekana. Alinishika mkono, akaonyesha kwa fimbo mahali pa kuangalia, hatua kama sita ndani ya maji, ambapo kijani kilikuwa kinakoza kidogo.

"Pale," akasema. "Lipo."